UZI: Barua ya kujieleza, hati ya mashtaka, kamati, rufaa. Nidhamu ya mtumishi wa chuo kikuu inavyokwenda

MzeeWaMasijala (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila bodi za mitihani zikimalizika maswali yale yale hurudi humu: mhadhiri kapewa barua, mhasibu wa kitivo kasimamishwa, mlezi wa hosteli kaitwa kwenye kamati. Majibu huja nusunusu, na mengine yanamponza mtu kuliko kosa lenyewe. Tuweke utaratibu wote mahali pamoja. Naanza na Tanzania Bara, chuo cha umma. Wa vyuo binafsi, Zanzibar na majirani wataongezea.

Kwanza jua uko chini ya sheria ipi. Mtumishi wa chuo cha umma, awe profesa au dereva, ni mtumishi wa umma. Anabanwa na Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, Kanuni zake za 2022 zilizochukua nafasi ya zile za 2003, Kanuni za Kudumu za 2009, kisha Hati Idhini ya chuo chake (hati inayokiongoza chuo) pamoja na kanuni zilizopitishwa na Baraza la Chuo. Chuo binafsi nacho kina Hati Idhini na kinasimamiwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, ila ajira ya mtu wake inaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Hapo ndipo panapoamua utakata rufaa wapi na una siku ngapi.

Sasa karatasi. Kuna tatu ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni barua ya kutakiwa kujieleza. Mara nyingi inatoka kwa mkuu wa idara au ofisi ya utawala. Hapo bado hakuna shauri, mwajiri anakusanya maelezo. Lakini usiichukulie poa: utakachoandika humo kitasomwa tena na kamati miezi mitatu baadaye. Jibu kilichoulizwa, taja tarehe, ambatanisha nakala, acha hasira na acha kumtaja mwenzako ambaye hakuulizwa.

Ya pili ni barua ya kusimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Hiyo si adhabu. Soma imeandika nini kuhusu mshahara na kuhusu kuripoti, na usiondoke kituo chako cha kazi bila ruhusa ya maandishi. Wapo walioshinda tuhuma ya msingi wakabaki na tuhuma mpya ya kwenda mkoani kwao wakati wamesimamishwa.

Ya tatu ni hati ya mashtaka, na hapa ndipo shauri linapoanza. Hati iliyokaa sawa inataja kosa, kanuni iliyovunjwa, na maelezo ya kosa: lini, wapi, kitendo gani. "Umekuwa ukikiuka maadili ya kazi kwa muda mrefu" hayo si maelezo ya kosa, ni lawama. Inakuja na notisi inayotaja siku za kujibu. Hesabu siku hizo tangu ulipoipokea, kwa hiyo unaposaini daftari la dispachi andika tarehe na saa kwa mkono wako. Karani akikuambia saini tu tarehe nitajaza, kataa kwa upole.

Ukishajibu, mamlaka ya nidhamu ikiona majibu hayatoshi na kosa ni kubwa, inaunda kamati ya uchunguzi. Kosa kubwa ni lile linaloweza kuishia kufukuzwa kazi, kushushwa cheo au kupunguziwa mshahara. Hayo yanakwenda kwa mashauri rasmi, lazima kamati. Madogo yanayoishia onyo, karipio au kuzuiwa nyongeza ya mshahara yanaweza kwenda kwa mashauri ya muhtasari. Chuo kikimfukuza mtu kwa mashauri ya muhtasari, kimejifungia goli chenyewe.

---

Kipanga_UD

Mzee, ongezea hapo kwenye "mamlaka ya nidhamu". Vyuoni watu wanadhani ni Makamu Mkuu wa Chuo kwa kila kitu.

---

MzeeWaMasijala

Umenena. Jibu liko kwenye Hati Idhini na kanuni za utumishi za chuo husika, na linatofautiana chuo kwa chuo. Kwa kada fulani mamlaka ni Baraza la Chuo kupitia kamati yake ya ajira na nidhamu, kwa nyingine ni Makamu Mkuu au aliyekasimiwa. Barua ya kufukuza ikisainiwa na mtu ambaye hana mamlaka hayo, au ikisainiwa kabla kikao chenye mamlaka hakijakaa, uamuzi unaanguka hata kama mtumishi kweli aliiba. Angalia vitu viwili kwenye barua ya uamuzi: kikao gani kiliamua, na tarehe yake. Barua ya tarehe 4 inayonukuu kikao cha tarehe 11 ni zawadi kwa mkata rufaa.

Na wajumbe wa kamati. Mkuu wa idara aliyeandika malalamiko hawezi kukaa tena kama mjumbe. Aliyefanya uchunguzi wa awali naye vilevile. Wala usimpe msaidizi mhadhiri kumchunguza mhadhiri mwandamizi, atasaini chochote. Kwenye vyuo vidogo hili ndilo linalosumbua zaidi, watu wachache na wote wanajuana. Dawa ni kuomba wajumbe kutoka nje ya kitivo au taasisi nyingine ya umma.

---

TA_mpya

Wakuu naomba kuuliza. Mkufunzi msaidizi ambaye hajathibitishwa kazini naye anapewa hati ya mashtaka, au wanamwandikia tu barua kwamba hakufaa?

---

Wakili_Pembeni

Tofautisha mambo mawili. Kipindi cha majaribio utumishi wa umma ni miezi 12. Mwajiri akiona utendaji haufai, anakuandikia mapungufu, anakupa nafasi ya kujirekebisha, na anaweza kuongeza muda au kutokuthibitisha. Hiyo ni njia ya utendaji. Lakini akikutuhumu kwa kosa, tuseme kuvujisha mtihani, hawezi kujificha kwenye neno "hukuthibitishwa". Tuhuma inahitaji utetezi.

Chuo binafsi ni tofauti: chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, mwenye utumishi usiotimia miezi 6 kwa mwajiri huyo hana dai la kuachishwa kazi isivyo haki. Kwa hiyo wa chuo binafsi miezi ya mwanzo awe macho kweli.

---

Mtumishi_Hewa_Siyo

Mimi naona mnawazungusha watu. Ukifukuzwa nenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) siku hiyo hiyo, jaza fomu, mambo mengine baadaye. Haki inacheleweshwa na hizi rufaa za ndani.

---

Wakili_Pembeni

Mkuu, kwa mtumishi wa chuo binafsi uko sawa kabisa: CMA, fomu namba 1, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Kwa mtumishi wa chuo cha umma ushauri huo umewagharimu wengi, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma iliongezewa kifungu cha 32A. Kinasema mtumishi wa umma amalize kwanza njia zote za sheria hiyo kabla ya kwenda kutafuta nafuu za sheria za kazi. Mahakama ya Rufani imeshalisimamia hilo. Sasa angalia kinachotokea. Mtu anafukuzwa, anakimbilia CMA, shauri linakaa miezi, wakili wa chuo anasimama siku ya kwanza ya kusikilizwa na pingamizi la awali kwamba CMA haina mamlaka. Shauri linatupwa. Anarudi Tume ya Utumishi wa Umma anaambiwa siku 45 za rufaa zilipita zamani. Kosa lake halijajadiliwa popote.

Njia sahihi kwa chuo cha umma: rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45 tangu kupokea uamuzi. Usiporidhika na Tume, unakwenda kwa Rais. Ukichelewa, Tume inaweza kupokea rufaa ikiridhika na sababu, lakini "nilikuwa CMA" si sababu ninayoweza kumshauri mtu aitegemee.

Zote mbili zinaitwa Tume na ndiyo maana watu wanapotea. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndiyo CMA. Tume ya Utumishi wa Umma ni nyingine kabisa.

---

Mtumishi_Hewa_Siyo

Sawa, hilo la 2016 nalikubali. Ila chuo binafsi nako kuna utaratibu wa kusikilizwa au anafukuza tu?

---

Wakili_Pembeni

Upo, na umeandikwa vizuri kuliko wa umma. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, Tangazo la Serikali Na. 42. Mwajiri achunguze kwanza. Kisha akupe taarifa ya kikao kwa lugha unayoielewa, muda usiopungua saa 48 kabla. Mwenyekiti awe kiongozi mwenye cheo cha kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Una haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako, kuuliza mashahidi maswali na kuleta wako. Ukikutwa na hatia, kabla ya adhabu upewe nafasi ya kuomba upunguziwe adhabu: miaka ya kazi, rekodi safi, hali ya familia. Wengi wanaruka hiyo ya mwisho, wanasoma hatia na adhabu kwa pumzi moja.

Taarifa ikija Ijumaa saa 10 jioni kwa kikao cha Jumatatu saa 3 asubuhi, saa 48 zimetimia kwa saa ya ukutani. Andika hapo hapo kuomba muda wa kumpata mwakilishi na kusoma nyaraka. Wakikataa, ombi lako limebaki kwenye faili.

Vyama vya wafanyakazi wa vyuo, THTU na RAAWU, vina watu waliozoea hivi vikao. Mwite mapema, si asubuhi ya kikao.

---

Bodi_ya_Mitihani

Niongelee mitihani kwa sababu ndiko mashauri ya wanataaluma yanakozaliwa, na mengi ni ya uzembe wa karatasi kuliko wizi.

Mtihani una safari: kutunga, kupitiwa na wenzako idarani, kupitiwa na mtahini wa nje pale inapohitajika, kuchapa, kufunga, kuhifadhi, kusimamia, kusahihisha, kuingiza alama, bodi ya idara, bodi ya kitivo, Seneti. Kwenye kila makabidhiano lazima kuwe na saini mbili, ya anayetoa na anayepokea, na idadi. Mtihani unavujia kwenye makabidhiano, karibu kamwe hauvujii ndani ya sanduku la chuma. Ulitungwa kwenye kompyuta ya ofisi inayotumiwa na watu watatu. Ulitumwa kwa barua pepe binafsi. Ulichapwa, nakala tano zilizoharibika zikatupwa kwenye ndoo ya taka badala ya kuchanwa mashineni na kuandikwa kwenye rejesta. Siku uchunguzi ukija, mtunzi ndiye anayeulizwa, na kama hana saini ya aliyempokea basi mtihani ulikuwa kwake.

Chumba cha mtihani. Karatasi ya mahudhurio ina saini 189, vitabu vya majibu ulivyohesabu ni 187. Usiondoke chumbani. Hesabu tena mbele ya msimamizi mwenzako, tafuta mwanafunzi aliyesaini akatoka na kitabu, andika tofauti hiyo kwenye taarifa ya msimamizi na msaini wote. Ukikabidhi 187 huku fomu inasema 189, wiki sita baadaye wanafunzi wawili watakuja kudai walifanya mtihani na mhadhiri kapoteza kazi zao. Na watakuwa na saini zao kwenye karatasi yako.

Kumkamata mwanafunzi na kikaratasi: kichukue, mwache aendelee na mtihani kama kanuni za chuo chako zinavyotaka, ajaze fomu ya tukio, saini yake, yako na ya shahidi. Akikataa kusaini, andika "amekataa kusaini" na shahidi asaini. Kumpekua mwilini mwanafunzi wa jinsia nyingine ni kujitafutia hati ya mashtaka yako mwenyewe.

Alama zikishaingia kwenye mfumo na bodi ya idara ikakaa, mabadiliko hayafanyiki kwa simu kwa mtu wa TEHAMA. Kuna fomu: alama ya zamani, alama mpya, sababu, kitabu cha majibu kimeambatanishwa, mhadhiri, mkuu wa idara, mkuu wa kitivo. Sababu zinazokubalika ni chache, kukosea kujumlisha au ukurasa uliorukwa. "Mwanafunzi amelalamika" si sababu, ni mwanzo wa kutafuta sababu.

Na nywila. Mhadhiri anampa katibu muhtasi nywila yake amsaidie kuingiza alama 400. Mfumo unaandika jina la mhadhiri kwenye kila badiliko. Alama ikibadilishwa saa 5 usiku, ni mhadhiri aliyebadilisha mpaka athibitishe vinginevyo, na hawezi kuthibitisha. Mbali ya nidhamu, kuchezea data ndani ya mfumo kunaangukia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Omba uwezo wa kuingiza utolewe kwa katibu kwa jina lake yeye, kwa somo hilo, kwa siku hizo.

---

Kipanga_UD

Hapo kwenye nywila umegusa nusu ya idara za nchi hii.

---

Mama_Hosteli

Na matokeo kubandikwa kwenye magrupu ya WhatsApp? Mwakilishi wa darasa anapewa faili zima la Excel, majina, namba za usajili, alama zote, hadi safu ya "ana deni la ada".

---

Bodi_ya_Mitihani

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na chuo ni mkusanyaji wa taarifa kama benki ilivyo. Kila mwanafunzi aone alama zake kupitia akaunti yake. Ukilazimika kubandika, namba ya usajili tu bila jina, na safu za deni, ugonjwa au kinidhamu zifutwe, siyo zifichwe. Safu iliyofichwa kwenye Excel inafunuliwa kwa kubofya mara mbili.

Kumbuka pia kwamba kabla ya Seneti matokeo ni ya muda. Anayeyatoa kama ya mwisho anakifunga chuo kwa ahadi ambayo Seneti haijaitoa.

---

Afisa_Dawati

Naleta eneo ambalo kamati hulikwepa: rushwa ya ngono na unyanyasaji.

Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamlenga mwenye mamlaka anayedai ngono au upendeleo mwingine kama sharti la ajira, kupandishwa cheo, haki au upendeleo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Hakisemi lazima tendo lifanyike. Kudai kunatosha. Na hakimhusu mhadhiri peke yake: mkuu wa idara kwa mkufunzi msaidizi anayesubiri kuthibitishwa, ofisa utumishi kwa mwombaji wa kazi, mlezi kwa anayetafuta chumba, wote wamo.

Vyuo vingi vinakosea kwa kudhani mashauri haya yanapangwa foleni, kwamba tusubiri TAKUKURU wamalize. Jinai ina kipimo chake cha ushahidi, nidhamu ina kipimo chake cha chini zaidi. Ushauriane na TAKUKURU ili usivuruge uchunguzi wao, lakini hatua za kumlinda mlalamikaji hazisubiri mahakama. Siku hiyo hiyo: kazi zake zisahihishwe na mtahini mwingine, abadilishiwe msimamizi wa tasnifu, mtuhumiwa aandikiwe asiwasiliane naye wala asitume mtu. Anayehamishwa awe mwenye mamlaka. Mara nyingi unakuta msichana ndiye anaambiwa abadilishe somo, na tayari ameshaadhibiwa.

Kwa mlalamikaji: usifute mazungumzo. Picha ya skrini ionyeshe namba ya simu, siyo jina ulilomhifadhi nalo, na tarehe ionekane. Simu yenyewe itunze, picha peke yake itapingwa. Usijitungie mtego. TAKUKURU wana namba ya bure 113, na mtego ukiwekwa wanauweka wao. Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 ipo kwa ajili yako ukitoa taarifa kwa nia njema kwenye mamlaka husika. Kumwaga mtandaoni kabla ya kuripoti ni jambo jingine.

Kwa mhadhiri asiyetaka makuu: kikao cha tasnifu kifanyike ofisini saa za kazi, mrejesho utoke kwenye barua pepe ya chuo, rasimu zirudi na tarehe, na daftari la usimamizi lisainiwe na wote wawili kila mkutano. Hiyo inamlinda mwanafunzi na inakulinda na wewe dhidi ya tuhuma ya uongo, maana mwenye alama ya chini akilalamika utaonyesha mrejesho wa miezi sita nyuma.

---

Kaka_Mwanasheria_Mtarajiwa

Na kama ni mapenzi ya hiari? Wote watu wazima, mwanafunzi ana miaka 27, anasoma shahada ya pili.

---

Afisa_Dawati

Kama unamfundisha, unamsahihisha, unamsimamia au unaketi kwenye bodi inayojadili matokeo yake, hiyari haitoshi. Una mgongano wa maslahi. Soma sera ya chuo chako, vingine vinakataza moja kwa moja. Pale ambapo hapakatazwi, mwandikie mkuu wako kwa siri utangaze uhusiano na uondolewe kwenye kila uamuzi unaomhusu. Ukingoja mpaka mwenzake aliyefeli alalamike, barua yako haitaaminika tena.

---

Dr_Pembejeo

Jamani msisahau kazi za nje. Kufundisha jioni chuo kingine, ushauri elekezi, duka la dawa. Mtu anadhani baada ya saa tisa na nusu muda ni wake.

---

MzeeWaMasijala

Kibali cha maandishi, cha muda maalumu, kabla ya kuanza. Ushauri elekezi unaotumia jina la chuo, maabara au gari la chuo unapita kwenye kurugenzi au ofisi ya ushauri elekezi, na chuo kinachukua asilimia yake kwa mujibu wa sera yake. Kosa la kawaida ni kusaini mkataba kwa jina binafsi huku pendekezo la kazi limeandikwa kwenye karatasi yenye nembo ya chuo. Mteja asiporidhika na kazi anakishitaki chuo, na chuo hakijawahi kuuona mkataba.

La pili ni ratiba. Kipindi chako cha saa 8 mchana hapa na kipindi cha saa 8 na nusu kule ng'ambo ya jiji. Ratiba mbili zikiwekwa pembeni hakuna utetezi.

Kwa vile tumefika kwenye kutokuwepo kazini: zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi zinatosha kufungua shauri linaloweza kuishia kufukuzwa. Lakini mtoro naye ana haki ya hati ya mashtaka. Apelekewe kwenye anwani ya mwisho inayojulikana, na juhudi za kumfikia ziandikwe. Kumfuta tu kwenye orodha ya mishahara si kumfukuza kisheria, na rufaa za namna hii zinashinda mara kwa mara.

---

Msomi_Ughaibuni

Hili la utoro linawapata sana walio masomoni nje. Ruhusa ya masomo ina tarehe ya mwisho. Shahada ya uzamivu imechelewa, msimamizi wake anasema miezi minane zaidi, mtumishi anaendelea kuandika tasnifu bila kuandika nyumbani. Ombi la kuongezewa muda lipelekwe kabla ruhusa haijaisha, miezi mitatu si mingi, likiwa na barua ya msimamizi inayosema kimebaki nini, ratiba ya kumaliza, na nani analipia. Mfadhili kuongeza fedha hakuongezi ruhusa ya mwajiri, hizo ni barua mbili. Ukirudi ripoti kwa barua siku ile ile, maana mkataba wako wa kukitumikia chuo baada ya masomo unaanza kuhesabiwa hapo.

---

Mja_wa_Nyali

Majirani, huku Kenya nako niweke kidogo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41: mwajiri kabla ya kukufuta kwa utovu wa nidhamu, utendaji mbaya au kutokuwa na uwezo wa kimwili lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua, na awasikilize nyote. Hata kosa kubwa la kufutwa papo hapo lazima lipite hapo. Kwa hivyo barua ya kujieleza kisha barua ya kufutwa, bila kikao katikati, haisimami.

Kifungu cha 6 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono, na chuo gani hakina 20? Kesi inakwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, muda ni miaka 3, fidia haizidi mshahara wa miezi 12. Usilale lakini. Rufaa ya ndani kwa baraza la chuo ina siku zake kwenye mkataba wa pamoja wa chama chako cha wafanyakazi, UASU, KUSU au KUDHEIHA, na hizo ni chache.

---

Mkunazini

Na sisi wa Zanzibar msitutie kapu moja. Watumishi wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) wapo chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya Zanzibar Na. 2 ya 2011. Siku 45 za Wakili na kifungu cha 32A si vyetu. Taratibu za haki ya kusikilizwa zinafanana, milango ya rufaa ni mingine.

---

Dada_Rasilimaliwatu

Mimi niko upande wa mwajiri humu, niseme tunachoomba wakuu wa idara watufanyie. Mtumishi mzembe miaka minne, kila mwaka amepewa alama nzuri kwenye mfumo wa tathmini ya utendaji, OPRAS na sasa PEPMIS, halafu mwezi mmoja anakuja bosi anataka "tumwondoe". Kwa karatasi zipi? Kila mapungufu yaandikwe wakati yanatokea: alama za somo zimechelewa siku 19, kumbukumbu hii, jibu lake hili, tulikubaliana hivi. Onyo la mdomo lisiloandikwa popote kamati haiwezi kulishika.

Na tafadhali msitumie uhamisho wa idara kama adhabu. Ukishamwadhibu hivyo bila shauri, shauri likija anasema tayari aliadhibiwa.

---

Asiyejulikana_77

Wakuu naomba msaada wa haraka. Chuo cha umma, kada ya uendeshaji. Barua ya kufukuzwa ninayo, zimebaki siku 9 kwenye zile 45. Nimeomba nakala ya ripoti ya kamati mara mbili, masijala wanasema iko kwa mkubwa. Nisubiri?

---

Wakili_Pembeni

Usisubiri hata siku moja. Peleka rufaa Tume ya Utumishi wa Umma wiki hii na ulichonacho: barua ya uamuzi, hati ya mashtaka, utetezi wako, barua ya kusimamishwa kama ipo. Sababu za rufaa ziandike kwa namba, kila moja aya yake: mamlaka, kamati, hati, ushahidi, adhabu kuzidi kosa. Nakala ipeleke kwa mamlaka ya nidhamu.

Kisha weka sababu moja zaidi: kwamba uliomba ripoti ya kamati tarehe fulani na tarehe fulani hukupewa, na unaomba nafasi ya kuongeza sababu ukishaipata.

---

Asiyejulikana_77

Maombi yale niliyafanya kwa mdomo.

---

MzeeWaMasijala

Basi kesho saa 2 asubuhi yaandike. Nakala mbili, masijala wapige muhuri wa kupokea kwenye ya kwako, tarehe isomeke. Wakikataa kupokea, itume kwa EMS ya Posta kwenda kwa Makamu Mkuu wa Chuo na risiti uiambatanishe kwenye rufaa. Usiandike kwamba uliwahi kuomba kwa mdomo mara mbili kama huna shahidi, andika hilo la kesho tu.